Puto Lenye Dawa

Maumivu yalimjia msusi akiwa katikati ya kichwa cha mteja. Hakupiga kelele. Aliacha kusuka tu, akaushikilia msuko uliofika nusu, akaegemea mgongo wa kiti na kusubiri. Aliyajua. Yalianzia chini ya kitovu upande wa kulia, yakajikunja kama mtu anayekamua nguo nzito, yakapanda, yakafika mahali yakakwama. Kisha tumbo likanguruma, ngurumo ndefu kama maji yanayotafuta njia kwenye bomba lililoziba, hadi mteja akageuza shingo.

"Makubwa! Vidole, huyo aliye ndani anacheza mpira au anahama nyumba?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakaangua kicheko. Vidole, kama wateja walivyomwita kwa wepesi wa mikono yake, akacheka nao. Mteja akicheka, msusi hucheka, ndiyo kazi.

"Si niliwaambia mimi?" akasema mmoja wa benchini. "Mtu anatapika, uso umesawajika, tumbo limetuna. Wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Na hiyo mimba je, si ndiyo mtoto wao?"

Angeweza kuwaambia palepale kwamba hana mimba. Lakini angeanzaje? Kusema ugonjwa wa utumbo ni kusema choo, na nani angempa kichwa chake mwanamke anayezungumzia choo mikono ikiwa kwenye nywele za watu? Akafuta jasho la mdomo wa juu kwa kiwiko.

"Mungu ndiye anayejua," akasema.

Basi hilo likachukuliwa kuwa ndiyo.

Habari ilitangulia kufika kwenye karakana ya mumewe kabla yeye hajamaliza kichwa. Mumewe alikuwa fundi makochi. Alikuwa amepiga magoti, misumari midogo mdomoni, akivuta kitambaa kipya juu ya kochi la zamani, pale seremala wa jirani alipoingia na kumkumbatia hivyohivyo alivyo.

"Hongera bwana! Kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu!"

Fundi akaitema misumari kiganjani. Miaka ya ndoa ilikuwa imepita bila mtoto, na mtaa mzima ulijua. Ambacho mtaa haukujua ni kwamba mkewe alikuwa amepasuliwa mara mbili, na mara zote mbili alirudi na utumbo mfupi kuliko alioondoka nao. Alimtazama seremala aliyekuwa akichekelea, akashindwa kumnyang'anya furaha yake.

"Ahsante," akasema.

Nyuma ya pazia, cherehani iliyokuwa ikishona foronya za makochi ilinyamaza ghafla. Mama mzazi wa Fundi alikuwa amesikia.

*

Siku hiyo mama mkwe alifunga cherehani mapema akawahi jikoni. Aliporudi Vidole, alikuta sahani yake imejazwa mpaka ukingoni, na mama mkwe amesimama kando kama mhudumu wa hoteli.

"Kula, mwanangu. Sasa huli peke yako."

Vidole akamtazama mumewe. Mumewe akatazama maji kwenye glasi. Kwa heshima akala kijiko cha kwanza, akala cha pili. Cha tatu kilishuka kama kokoto, na alijua kabla hakijafika kwamba hakina pa kupita. Aliinuka, akakimbia uani, akatapika akiwa ameshika ukuta kwa mikono miwili.

Mama mkwe akapiga makofi kidogo kidogo. "Mapacha hao! Mimi nilipokuwa na mimba yako wewe, sikuwa hivyo hata..."

"Mama," akasema Fundi. "Si mimba."

"Utajuaje wewe mwanaume?"

"Si mimba, Mama. Ni utumbo. Umeziba. Ule uvimbe tuliokuambia alitolewa, haukuwa uvimbe. Ni ugonjwa, unaitwa Crohn. Mwili wake unaupiga vita utumbo wake wenyewe, unauchoma, ukipona unaacha kovu, na kovu linabana njia."

Mama mkwe akaketi. Mikono yake ilikuwa bado imeshikana, kama imesahauliwa hapo baada ya makofi. Alikaa hivyo mpaka Vidole akarudi mlangoni, macho mekundu, akijifuta mdomo kwa upindo wa nguo.

"Mmeniacha nitangaze," akasema mama mkwe polepole. "Nimemwambia muuza duka. Nimemwambia fundi saa. Nimewaambia watu wangu simuni. Kumbe mimi humu ndani ni mgeni."

"Tulikuonea haya, Mama," akasema Vidole.

"Mtu huonea haya wizi. Ugonjwa una haya gani?"

Lakini naye hakuuliza zaidi. Aliiondoa sahani mezani akaifunika, na kwa siku kadhaa waliishi nyumbani humo kama wapangaji, kila mmoja na salamu zake.

*

Daktari wa matumbo alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na alichora alipokuwa akizungumza. Alichora bomba, kisha katikati ya bomba akachora kiuno cha nyigu.

"Hapa ndipo tulipokata na kuunganisha mara ya mwisho. Pamefanya kovu gumu. Mahali palipotakiwa kupita kidole gumba, sasa sidhani kama penseli inapita. Siku moja hapatapita hata maji, na siku hiyo hutakuja hapa kwa miguu yako."

"Mkate basi," akasema Fundi. "Mara mbili mmemkata, akapona."

"Akapona, na akapungua. Utumbo hauoti tena kama nywele. Nikiendelea kukata, ipo siku atakula na chakula kisimsaidie kitu, kitapita tu. Atalishwa kwa mpira unaoingia kwenye mshipa. Wapo wanaoishi hivyo, lakini si jambo la kulikimbilia."

Akaweka kalamu chini. Kulikuwa na njia nyingine, akasema. Wangepitisha kamera kwa njia ya nyuma mpaka kwenye kovu, wakaingiza puto dogo, wakalijaza, likatanua pale palipobana. Hilo lilikuwa jambo la miaka mingi na lilisaidia, ila kwa wengi kovu hurudi. Sasa kulikuwa na puto jipya, limepakwa dawa ya kulizuia kovu lisiote tena. Hilo ndilo walilokuwa wakilijaribu.

"Kulijaribu," akarudia Fundi.

"Ndiyo. Hatujui kama linashinda la kawaida. Tungejua tusingejaribu. Wagonjwa wanagawanywa kama kura. Nusu wanapata puto lenye dawa, nusu la kawaida. Mgonjwa haambiwi. Mimi nitaliona mkononi mwangu, lakini nimekatazwa kusema mpaka utafiti uishe. Gharama zote ni za wanaofanya utafiti."

"Na puto likipasua utumbo?" akauliza Vidole. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Daktari hakukwepesha macho. "Hutokea. Mara chache, lakini hutokea, kwa puto lolote. Likitokea tunakimbia nawe chumba cha upasuaji saa ileile."

Fundi akasimama. Kiti kikakwaruza sakafu. "Yaani mke wangu ni panya wenu wa maabara?"

"Panya hatumwombi ruhusa, baba," akasema daktari. "Nendeni nyumbani mkazungumze."

*

Hawakuzungumza nyumbani. Walizungumza karakanani, Fundi akiwa amelilaza kochi ubavu na kulichana kitambaa chake cha zamani kwa nguvu isiyohitajika. Vumbi la sponji lilikuwa limemkaa kichwani kama mvi.

"Wahenga walisema rahisi ghali. Sasa cha bure kabisa ni kiasi gani? Hujiulizi kwa nini wanakulipia?"

"Wanalipia kwa sababu hawajui. Amesema mwenyewe."

"Ndiyo hapo! Daktari mzima anakwambia sijui, nawe unamfuata!"

"Madaktari wa mwanzo walionikata walisema wanajua," akasema Vidole. "Wote wawili. Mimi huyu asiyejua ndiye ninayemwamini."

Fundi akauvuta ukanda wa kitambaa ukachanika kwa sauti. Akakaa juu ya mbao za kochi, kichwa chini. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua.

"Ukifa kwa ugonjwa, nitalia. Ukifa kwa jaribio la watu, na mimi nilikuwepo nikasema sawa, nitamwambia nani? Nitaishije?"

"Unaogopa wewe utaishije. Na mimi?"

"Unajua sikumaanisha hivyo."

"Najua." Akaweka mkono tumboni, si kwa maumivu, kwa mazoea tu. "Mimi naogopa vyote. Kisu naogopa, puto naogopa, hata kijiko naogopa. Jana nimeota nakula nanasi, nikaamka natetemeka kama niliyeota nyoka. Lakini kisu nimeshakijua kinakonifikisha."

"Basi mimi usinihesabu," akasema Fundi. "Siwezi kukusindikiza huko. Siwezi."

Cherehani nyuma ya pazia ilikuwa kimya muda wote huo.

Asubuhi ya kwenda hospitali, Vidole alifungua mlango akiwa na mkoba wake mdogo, akamkuta mama mkwe amekaa kizingitini, amevaa viatu vyake vya safari, kapu mapajani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Unakokwenda. Mtu haendi hospitali peke yake kama anayekwenda kununua chumvi." Akainuka kwa kushika goti. "Na nimewaambia wote wale kwamba si mimba. Walionicheka wamenicheka. Twende."

*

Ilibidi alazwe kabla ya siku yenyewe, kwa sababu ya dawa ya kusafisha tumbo. Mtu mwenye njia pana huinywa nyumbani. Yeye, kwa kovu lile, angeweza kuziba na kupasuka. Akapewa kikombe kidogo kidogo, nesi akimbonyeza tumbo kila mara. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na choo kimoja, na kitasa cha choo hakikufunga. Mama mkwe akasimama mlangoni kama askari, mgongo kwa mlango, akiwaambia wengine, "Subirini, kuna mtu."

Kwa Vidole, hilo lilikuwa gumu kuliko maumivu. Alilelewa akijua kwamba mbele ya mama mkwe hupigi hata miayo bila kuziba mdomo. Sasa mwanamke huyo alikuwa akisikia kila kitu. Kila alipotoka chooni alimkuta amegeukia dirishani, akijifanya anatazama watu wanaoanika mashuka.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mwalimu mstaafu, mwembamba, mcheshi, aliyeingia kwenye utafiti uleule. Alimpa moyo, akamwambia puto lenyewe si lolote, unasinzia, unaamka. Asubuhi walimchukua yeye kwanza. Hakurudi. Nesi mmoja akaja mbio kuchukua faili lake, mwingine akakitandua kitanda na kukitandika upya bila kumtazama mtu.

"Yuko wapi?" akauliza Vidole.

"Amepelekwa upasuaji. Atakuwa sawa." Nesi akasema hivyo huku akikung'uta mto. "Jiandae, wewe ndiye unayefuata."

Mama mkwe akamshika kifundo cha mkono. "Tunaweza kuondoka. Sasa hivi. Sitakulaumu, na yule mwanangu nitamnyamazisha mimi."

Vidole alitazama kile kitanda kilichotandikwa. Alitaka kusema ndiyo, tuondoke. Alifikiria nyumbani, sahani, kijiko, na wao watatu wakiketi kukitazama kijiko hicho kila siku mpaka siku ile ya kutokwenda kwa miguu.

"Nishike mpaka mlangoni," akasema.

Walimpa sindano ya kumlegeza, si ya kumlaza kabisa. Alikumbuka ubaridi wa chumba, skrini yenye picha ya pango jekundu, na daktari akisema, "Tumefika." Aliona tundu dogo jeupe katikati ya pango, kama jicho lililokataa kufumbuka. Msaidizi akachana pakiti. Vidole akajitahidi kumtazama daktari machoni, asome ni puto lipi lililotoka, lakini juu ya barakoa macho yale yalikuwa kazini tu. "Najaza sasa," daktari akasema. Kitu kikatanuka ndani yake, mahali ambapo mtu hakuumbwa kusikia kitu, na akasikia sauti ya mtu akilia. Ilikuwa yake.

*

Alipozinduka vizuri wodini, tumbo lilikuwa limepanda na kukaza kama ngoma. Kila pumzi ilikuwa na mwisho mfupi. Nesi akapima mapigo ya moyo, akapima tena, akaenda kumwita daktari.

Daktari akabonyeza hapa na pale, akisikiliza. Akaagiza apigwe picha ya eksirei. Picha iliporudi aliitazama muda mrefu dirishani.

"Sioni hewa nje ya utumbo. Hiyo ni nzuri. Lakini picha haioni kila kitu." Akamgeukia mama mkwe. "Tulimpulizia hewa nyingi ili tuone njia. Hewa hiyo lazima itoke. Ikikataa kutoka na tumbo likizidi, nitajua kuna jambo, na sitasubiri. Nimewaambia waandae chumba cha upasuaji."

"Umetoa upepo?" nesi akamuuliza Vidole.

Vidole akatikisa kichwa.

Mama mkwe akatoka koridoni, akampigia mwanawe. "Njoo," akamwambia, na hakuongeza neno. Fundi alifika na vumbi la sponji bado kichwani, nyundo ndogo imesahauliwa mfukoni mwa suruali. Njiani alikuwa amepanga maneno makali ya kumwambia daktari. Alipomwona mkewe, midomo imekauka, vidole vile vilivyosifika vikiwa vimekunjika juu ya shuka, maneno yote yakamtoka. Alisimama miguuni pa kitanda akakishika chuma chake kwa mikono miwili.

"Mke wangu," akasema. "Nimekuja."

"Usiwapigie kelele," Vidole akanong'ona. "Nilikubali mwenyewe."

Nesi akarudi. "Umetoa upepo?"

"Bado."

Mama mkwe alikuwa akimtazama. Aliona kwamba kila swali lilipoulizwa, kabla ya kujibu, mkwewe alimtupia yeye jicho la upande, haraka, kisha akabana mapaja. Aliona jasho likimtoka si kwa kusukuma bali kwa kuzuia. Akapigwa na butwaa. Akainama mpaka sikioni.

"Wewe. Unanionea haya mimi?"

Machozi yakamtoka Vidole, yakateleza hadi masikioni. "Mama, siwezi. Mbele yako, siwezi. Mwili wenyewe unakataa."

"Unataka kupasuliwa kwa ajili ya adabu?"

"Nimejaribu, Mama."

Mama mkwe akanyooka. Akamtazama mwanawe, akamtazama nesi, na hofu aliyokuwa ameifunga kibindoni siku zote hizo ikamtoka kwa sura ya hasira.

"Wewe, toka nje!" akamwambia Fundi. "Na nyundo yako. Nesi, mgeuze alalie ubavu wa kushoto, magoti kifuani." Kisha akaishusha sauti. "Nisikilize, mwanangu. Huyo mumeo nimemlea mimi. Marehemu baba yake nimelala naye chumba kimoja mpaka anakufa. Unadhani katika nyumba ile kulikuwa kunanuka waridi? Haya za mkwe ni za watu wenye afya na nafasi. Sisi hatuna nafasi. Mimi nageuka ukutani, na naimba. Sisikii kitu."

Akageuka ukutani. Akaanza kuimba, wimbo wa kuwabembelezea watoto, kwa sauti kubwa, mbovu, isiyofuata njia, hadi wagonjwa wa mwisho wa wodi wakainua vichwa. Aliimba akiwa amefumba macho, kwa sababu alidhani akinyamaza atasikia machela ikija. Nesi alikuwa akimsugua Vidole tumbo polepole kwa duara. Wimbo ukaisha, akauanza upya. Ukaisha tena.

Katika mara ya tatu, kilitokea. Kilianza chembamba, kama mlango unaofunguliwa na mtu asiyetaka kuamsha watu, kikanenepa, kikaendelea, kikapumzika, kikaendelea tena mpaka kikaushinda wimbo.

Mama mkwe hakugeuka. "Kingine," akasema akiutazama ukuta.

Kikaja kingine.

"Mungu mkubwa!" akasema bibi mmoja wa kitanda cha mbali, na hakuna aliyecheka kwa ubaya. Fundi, aliyekuwa amebandika sikio mlangoni, akateleza chini mpaka akakaa sakafuni koridoni, akafunika uso, na mpita njia mmoja akampa pole akidhani amefiwa.

Daktari alikuja, akabonyeza. Tumbo likabonyea. Akabonyeza tena mahali pale pa kovu, akasubiri, akavua glavu.

"Nitawaambia wakunje vifaa vya upasuaji," akasema.

*

Mwalimu mstaafu alikuwa hai. Utumbo wake ulikuwa umepasuka kweli, wakauwahi, na sasa alikuwa wodi nyingine na mfuko wa kukusanyia choo ubavuni. Vidole alikwenda kumwona kabla ya kuruhusiwa, akishikwa mkono. Mwalimu alijaribu mzaha, haukutoka. Walikaa wameshikana mikono, kila mmoja akijua kwamba ni kura tu iliyowatenganisha, na huenda si ile kura ya maputo, ni ya bahati tu.

Fundi alimsubiri daktari koridoni. "Lilikuwa lipi, daktari? Lenye dawa au tupu?"

"Utafiti haujaisha."

"Nionyeshe kwa macho tu."

"Baba, hata nikikuambia, sijui kesho yake. Lenye dawa linaweza kushindwa, na la kawaida linaweza kudumu. Atakuja tumwangalie. Akipata maumivu yale, msisubiri, mje."

Alirudi wodini akiwa amebeba jibu hilo kama mtu aliyebeba maji mkononi. Mama mkwe alikuwa ametoa kapuni mkate laini na supu aliyoichuja mara mbili. Alichovya kipande kidogo kisichozidi ukucha, akampa mkwewe.

Vidole alikitafuna mpaka hakikubaki cha kutafuna. Akameza. Fundi alikuwa akimtazama shingo, kisha kifua, kisha tumbo, kana kwamba angeweza kukiona kikishuka. Vidole aliweka kiganja chini ya kitovu, upande wa kulia, akangoja. Mlangoni toroli la dawa likapita na kupotea.

"Vipi?" akauliza Fundi.

"Ngoja kwanza."

Wakangoja. Hakikukwama kitu. Lakini hofu haikutoka ilipokuwa. Ilikaa palepale, ikisubiri kipande kinachofuata, na Vidole akajua itakaa hapo mezani kwao siku zote, kama mgeni asiyeaga.

"Kimepita," akasema. "Lakini bado naogopa."

"Hata mimi," akasema mumewe.

Mama mkwe alikuwa ameshachovya kipande kingine, kikubwa kidogo kuliko cha kwanza. Supu ilidondoka juu ya shuka.

"Ogopa," akamwambia, "huku unakula."